Kupinga Uhamisho au Uteuzi wa Mwalimu Mkuu Nchini Kenya: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu

Barua ya uhamisho huwa fupi. Hutaja jina lako, nambari yako ya utumishi, shule unayotoka, shule unayokwenda na siku unayotakiwa kuripoti. Mara nyingi haisemi lolote kuhusu mke aliye kwenye matibabu, watoto walio darasani, au uvumi unaoenea mtaani kwamba umehamishwa kwa sababu ulikataa kutia sahihi malipo fulani. Mwalimu akiisoma huona dhuluma papo hapo, na pengine ni kweli amedhulumiwa. Lakini mahakama haitauliza kwanza umeumia kiasi gani. Itauliza uamuzi ulifikiwaje, ulitolewa na nani, na kwa sababu gani. Mwalimu anayelielewa hilo tangu siku ya kwanza hukusanya ushahidi tofauti kabisa na yule anayeamini kwamba machozi yake yanatosha.

Mwongozo huu unahusu mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, katika shule ya umma. Mwalimu wa shule ya kibinafsi, au aliyeajiriwa na bodi ya shule, anaongozwa na mkataba wake na Sheria ya Ajira ya 2007, na sehemu kubwa ya yaliyomo hapa haimhusu.

Jua kwanza unashindana na mamlaka ya aina gani

Kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010 kinaipa Tume kazi ya kusajili walimu, kuwaajiri, kuwapangia shule, kuwapandisha vyeo, kuwahamisha, kuwachukulia hatua za nidhamu na kuwaachisha kazi. Maneno yenyewe yanasema mwalimu anaweza kupangiwa kazi katika shule au taasisi yoyote ya umma. Kwa hiyo, hoja kwamba Tume haina mamlaka ya kukutoa Kisii ikupeleke Garissa haifiki popote. Majaji wa mahakama ya kazi wamerudia mara nyingi kwamba kumhamisha mfanyakazi ni haki ya mwajiri, na kwamba wao hawatakaa kwenye kiti cha mwajiri ili kupanga nani afundishe wapi.

Mlango ulio wazi ni mwingine. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na vyombo vya utawala kwa njia ya haraka, halali, ya busara na inayofuata utaratibu wa haki, na kinadai sababu za maandishi pale uamuzi unapoathiri haki yake. Kifungu cha 41 kinalinda haki katika mahusiano ya kazi. Kifungu cha 236 kinasema mtumishi wa umma hataonewa kwa kutekeleza kazi yake kwa mujibu wa sheria, wala hatashushwa cheo au kuadhibiwa bila utaratibu wa kisheria. Kifungu cha 232 kinataka uteuzi katika utumishi wa umma utokane na ushindani wa haki na sifa za mtu. Juu ya hivyo kuna Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012, Kanuni za Walimu za 2015, na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015. Kesi nyingi zilizofaulu zimepita katika mlango huu: mamlaka yapo, lakini yametumiwa vibaya.

Kumbuka pia kwamba cheo na kituo ni vitu viwili. Mtu anaweza kupandishwa daraja hadi D3 la mwalimu mkuu wa sekondari, kisha akapelekwa kuongoza shule ambayo hakuitamani. Mwingine anaweza kuondolewa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, akarudishwa darasani katika shule nyingine, na mshahara wake usiguswe. Wa kwanza ana malalamiko kuhusu kituo tu, na kesi yake ni nyembamba. Wa pili ana swali zito: je, hii ni hatua ya kawaida ya kupanga walimu, au ni adhabu iliyovishwa joho la uhamisho? Ikiwa ni adhabu, basi alistahili kuelezwa kosa na kupewa nafasi ya kujitetea. Amua mapema wewe ni yupi kati ya hao wawili.

Saa arobaini na nane za kwanza: ripoti au usiripoti?

Hapa ndipo walimu wengi hujimaliza. Mwalimu hukasirika, hubaki nyumbani akisubiri wakili, siku zinapita, kisha anapokea barua nyingine ya kumsimamisha kazi kwa kutoroka kituo. Kesi ya uhamisho, ambayo angeweza kuipigania, inageuka kuwa kesi ya nidhamu, na yeye ndiye wa kujieleza.

Kama hujapata amri ya mahakama, barua ya uhamisho ina nguvu. Ushauri wangu ni kwamba mwalimu aripoti, lakini aripoti akiwa amepinga kwa maandishi. Andika barua fupi kabla au siku ileile ya kuripoti, useme wazi kwamba unatii agizo bila kukubali kwamba ni halali, na kwamba unahifadhi haki yako ya kukata rufaa na kwenda mahakamani. Sentensi hiyo moja hufanya kazi mbili: inakulinda dhidi ya shtaka la kutoroka kazi, na inamzuia wakili wa Tume kusema baadaye kwamba ulikubali kwa hiari.

Kuna hali moja ambapo kusubiri kidogo kunaweza kueleweka, nayo ni ugonjwa. Hapo unahitaji cheti cha daktari aliyesajiliwa, kinachoeleza kwa nini huwezi kusafiri au kwa nini unahitaji kuwa karibu na hospitali fulani, na cheti hicho kifike ofisini kabla ya siku ya kuripoti. Cheti kinachopatikana wiki tatu baadaye huonekana kama kimetengenezwa kwa ajili ya kesi.

Mwalimu mkuu anayeondoka ana mzigo wa ziada, yaani makabidhiano. Andaa orodha ya mali ya shule, hesabu za akaunti za benki, vitabu vya hundi, stakabadhi, kumbukumbu za mikutano ya bodi na vifaa vya mitihani, kisha wewe na anayepokea ofisi mtie sahihi mbele ya mwakilishi wa bodi au afisa wa elimu, na ubaki na nakala. Usifunge mlango na kuondoka na ufunguo mfukoni. Nimeona malalamiko mazuri sana yakipoteza heshima mbele ya jaji kwa sababu mlalamishi alikatalia na hundi za shule kwa mwezi mzima.

Na wazazi? Wakija kufunga lango na kuimba kwamba mwalimu wao asiondoke, washukuru, kisha uwaombe waende nyumbani. Maandamano hayajawahi kuwa hoja ya kisheria, na afisa wa kaunti atakuwa mwepesi wa kuandika kwamba wewe ndiwe uliyeyapanga.

Kusanya karatasi kabla ya kukusanya mashahidi

Anza na faili lako mwenyewe: barua ya kuajiriwa, barua zote za uhamisho wa awali, barua za kupandishwa cheo, matokeo ya tathmini ya utendaji, TPAD, barua za pongezi au za onyo, na hati za mshahara. Kisha andika mfululizo wa matukio kwa tarehe. Ikiwa tarehe 3 ulimwandikia mkaguzi kuhusu pesa zilizopotea, na tarehe 19 ya mwezi huohuo ukahamishwa, mfuatano huo ndio moyo wa kesi yako, na hakuna shahidi atakayeusema vizuri kuliko barua zenyewe zikiwekwa kando kwa kando.

Hatua inayofuata ni kuomba sababu. Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi haki ya kupewa sababu na nyaraka zitakazomsaidia kukata rufaa au kuomba mapitio, yaani kuomba mahakama ikague jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Ofisi isipozitoa, mahakama inaweza kuchukulia kwamba hapakuwa na sababu nzuri mpaka ithibitishwe vinginevyo. Barua ya kuomba sababu ni ya ukurasa mmoja, inaandikwa kwa upole, na inapelekwa kwa njia inayoacha alama: mhuri wa ofisi kwenye nakala yako, au barua pepe. Walimu wengi hawaiandiki, wakidhani jibu halitakuja. Hata jibu lisipokuja umepata faida, maana ukimya huo utausoma mbele ya jaji.

Kwa nyaraka zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, tumia pia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotaka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Ukikataliwa, unaweza kuomba Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman, ipitie uamuzi huo.

Ujumbe wa simu na sauti zilizorekodiwa zina masharti yake. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kifaa kilichotumika. Usifute mazungumzo ya awali, usikate kipande unachokipenda peke yake, na usibadilishe simu kabla ya wakili kuona ujumbe ule ukiwa mahali pake.

Rufaa ya ndani ni lazima

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala kinaizuia mahakama kusikiliza maombi ya mapitio kabla ya njia za ndani kumalizwa, isipokuwa mahakama yenyewe ikimruhusu mlalamishi kwa sababu za kipekee. Msimamo huu una mizizi mirefu: tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Spika wa Bunge dhidi ya James Njenga Karume mwaka 1992, majaji wamekuwa wakisema kwamba sheria ikiweka njia ya kutatua mgogoro, njia hiyo ifuatwe. Kesi nyingi za walimu hutupwa hapa, hata kabla jaji hajafungua ukurasa wa malalamiko yenyewe.

Andika rufaa kwa ofisi iliyotoa barua, na nakala kwa ngazi iliyo juu yake. Barua ikitoka kwa mkurugenzi wa kaunti, nakala iende makao makuu. Eleza hoja tatu au nne tu, kila moja na karatasi yake. Usitukane wala usitoe vitisho vya kwenda kwa mbunge. Pendekeza pia suluhisho, kwa mfano shule mbili au tatu zenye upungufu wa walimu wa somo lako ambako ungeweza kwenda bila kuvunja matibabu ya mgonjwa wako. Ofisi hupata urahisi wa kubadilisha uamuzi ikipewa mahali pa kukupeleka kuliko ikiambiwa irudi nyuma tu.

Kama muda ni mfupi mno na madhara hayatarekebishika, unaweza kwenda mahakamani moja kwa moja, lakini uombe waziwazi kusamehewa sharti hilo na ueleze kwa nini.

Chama cha walimu nacho kina nafasi yake. KNUT, kilichoanzishwa mwaka 1957, na KUPPET kwa walimu wa sekondari na vyuo, vina makubaliano ya pamoja na Tume na vinaweza kuzungumza au kushtaki kwa niaba ya mwanachama. Katibu wa tawi anayejua ofisi za kaunti anaweza kumaliza kwa mkutano mmoja jambo ambalo lingechukua mwaka mahakamani. Hata hivyo, usiache muda wa kisheria upite kwa sababu uliahidiwa kwamba chama kinashughulikia.

Pale mgogoro unapohusu nani awe mwalimu mkuu

Migogoro ya uongozi wa shule huja kwa sura tatu, na kila moja ina maswali yake.

Ya kwanza ni ya mwalimu aliyeshindwa katika usaili na anaamini alistahili. Hapa lalama kuhusu mshindi hazina uzito, na uzito uko kwenye mchakato. Nafasi ilitangazwa? Vigezo vilivyotangazwa ndivyo vilivyotumika? Kuna aliyeitwa kwenye usaili bila kuwa na daraja lililotakiwa? Alama ziliandikwa? Kuna mjumbe wa jopo aliyekuwa na uhusiano na mshindi? Omba tangazo, vigezo na alama zako mwenyewe, na usishangae majina ya wengine yakifichwa. Mahakama ikiridhika kwamba mchakato ulikiuka vigezo, mara nyingi itaufuta na kuagiza urudiwe. Ni nadra sana jaji kutamka kwamba fulani ndiye mwalimu mkuu, na mwalimu anayeomba hilo peke yake hujiweka pabaya.

Ya pili ni ya kaimu. Mtu amekaimu ofisi kwa muda mrefu, matokeo ya mtihani yamepanda, kisha analetwa mwingine. Kukaimu hakuzai haki ya kuthibitishwa. Kunaweza kuzaa dai la marupurupu ya kukaimu ikiwa barua ya uteuzi na kanuni zinalitambua, na kunaweza kuzaa hoja ya matarajio halali ikiwa kuna ahadi iliyo wazi, ya maandishi, kutoka kwa mwenye mamlaka ya kuitoa. Ahadi ya mwenyekiti wa bodi haitoshi, kwa kuwa si yeye anayeteua.

Ya tatu ndiyo yenye kelele zaidi: mfadhili wa shule, mara nyingi kanisa, anamkataa mwalimu mkuu aliyeletwa kwa kuwa ni wa dhehebu lingine, au jamii inadai "mtu wetu". Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inaorodhesha kazi za mfadhili. Miongoni mwake ni kuwakilishwa kwenye bodi, kutoa ushauri wa kiroho, kulinda maadili ya dini yake huku akiheshimu imani za wengine, na kusaidia kwa fedha na majengo. Kuteua au kuidhinisha mwalimu mkuu hakumo. Kifungu cha 249 cha Katiba nacho kinasema tume huru hazielekezwi na mtu au mamlaka yoyote. Kwa hiyo, ukikataliwa na mfadhili, barua yako ya Tume bado ni halali. Na ikiwa Tume imekuondoa kwa shinikizo la mfadhili au mwanasiasa pekee, una hoja nzuri kwamba haikutumia akili yake yenyewe. Nakala ya barua ya shinikizo ni ya thamani kubwa hapa, itafute.

Kuhusu siasa, kuna funzo katika sera ya kuwatoa wakuu wa shule nje ya kaunti zao, iliyotikisa walimu wengi mwaka 2018. Bunge la Taifa lilipitisha hoja mwaka 2022 kutaka sera hiyo ikome, na wapo walioipeleka hoja hiyo kwa wakili kana kwamba ni amri. Hoja ya Bunge inaweza kubadilisha mwelekeo wa sera, lakini si sheria, na huwezi kuitegemea peke yake kufuta barua yako.

Kwenda mahakamani

Mahakama yenye mamlaka ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, iliyo na hadhi ya Mahakama Kuu, na yenye vituo Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Nyeri, Eldoret na kwingineko. Mahakimu maalumu waliopewa mamlaka mwaka 2018 husikiliza migogoro ya kazi ya wanaolipwa mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi, lakini ombi la kikatiba au la mapitio ya uamuzi wa Tume ni la jaji.

Muda una meno. Dai la kawaida la ajira lina miaka 3, ila ukitaka amri ya kubatilisha uamuzi kwa njia ya zamani ya mapitio, una miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Na kwa amri ya dharura muda halisi ni mfupi zaidi kuliko sheria inavyosema: mwalimu aliyekaa wiki sita kabla ya kufungua kesi atapata shida kumweleza jaji dharura iko wapi.

Maombi ya amri ya kusitisha uhamisho hupimwa kwa vigezo vilivyowekwa katika kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973: je, una kesi yenye dalili za kushinda, je, madhara hayawezi kufidiwa kwa pesa, na kama bado kuna shaka, mizani ya usumbufu inaegemea wapi. Katika kesi za kikatiba jaji huangalia pia maslahi ya umma, na hapo wakili wa Tume atazungumzia wanafunzi wasio na mwalimu. Kuwa tayari na jibu. Kama shule unayopelekwa tayari ina walimu watatu wa somo lako na unayotoka itabaki bila hata mmoja, onyesha kwa ratiba na orodha ya walimu.

Katika hati yako ya kiapo, sema ukweli wote, pamoja na usiokufurahisha. Amri inayotolewa bila upande wa pili kuwepo hufutwa haraka ikibainika kwamba ulificha onyo la awali au barua ya kwanza ya uhamisho. Na usimsahau mwalimu aliyeletwa kuchukua nafasi yako: mwombe wakili amuunganishe kama mhusika mwenye maslahi, maana amri yoyote utakayopata inamgusa yeye, naye ana haki ya kusikilizwa. Nafasi yako ya kubakishwa mahali ulipo ni kubwa zaidi kabla mwenzako hajakabidhiwa ofisi. Akishakabidhiwa, hali iliyopo ambayo mahakama itailinda ni yake.

Ukipata amri, ipeleke siku hiyohiyo kwa Tume, kwa mkurugenzi wa kaunti na kwa shule, na anayeipeleka aape kwamba ameifikisha. Bila uthibitisho huo, ombi la kumwadhibu anayekaidi amri litakwama. Ukishindwa, unaweza kulipishwa gharama za upande wa pili, kwa hiyo muulize wakili kuhusu gharama kabla ya kutia sahihi chochote.

Kuna jambo ambalo mawakili hawalisemi mapema vya kutosha. Ushindi katika kesi hizi mara nyingi ni kufutwa kwa uamuzi uliofikiwa vibaya, na Tume inabaki na mamlaka ya kuamua upya. Inaweza kukuhamisha tena miezi minne baadaye, safari hii ikiwa imekupa notisi, sababu na nafasi ya kusikilizwa. Ndiyo maana, mara tu unapopata amri ya muda na upande wa pili kuanza kusikiliza, ni vizuri wakili wako afungue mazungumzo kuhusu kituo ambacho pande zote zinaweza kukikubali, makubaliano yaandikwe, yatiwe sahihi na kuwasilishwa mahakamani ili yawe amri. Makubaliano hayo yataje shule kwa jina, tarehe ya kuripoti, malipo ya uhamisho, na kwamba muda uliokaa nje ya kituo wakati wa kesi hautahesabiwa kuwa utoro.